Atlantiki Rahisi Kuivuka, Ghali Kuifikia

Katika wiki tulivu za Februari, nauli ya kwenda na kurudi baina ya London na New York huweza kuwa chini ya ile anayotozwa abiria anayepanda ndege Kisauni, kiwanja cha ndege cha Unguja, kwenda London na kurudi. Umbali peke yake hauwezi kulieleza jambo hili. Kutoka London hadi New York ni kilomita zipatazo 5,500, na kutoka Unguja hadi London ni zaidi ya 7,000; tofauti ipo, lakini si tofauti ya kuifanya nauli moja iipite nyengine kwa kiasi tunachokiona. Sababu kubwa ni wingi wa mashirika yanayogombania abiria wa njia ile na uchache wa yanayomgombania abiria wetu.

Kwa hivyo kila mashindano makubwa yanapopangiwa ng'ambo ya Atlantiki, mashabiki wa mpira wa hapa Visiwani huzichukua bei wanazozisikia kwa jamaa zao walioko Ulaya, wakazijumlisha na nauli ya kufika Ulaya, wakaamini kwamba wamegundua njia ya mkato ambayo mawakala wa tiketi wanawaficha. Ninavyoona mimi, hesabu hiyo, kwa mwenye pasi ya Tanzania anayeanzia Zanzibar, mara nyingi hutoka vibaya. Unafuu wake uko pahala pengine kabisa: katika tiketi moja inayoanzia nyumbani, katika mji anaochagua kushukia, na katika siku anayonunua.

Urahisi wa Atlantiki una historia yake, na historia hiyo haina utulivu. Tarehe 26 Septemba 1977, Mwingereza Freddie Laker alianzisha safari alizoziita Skytrain, kutoka kiwanja cha Gatwick, London, hadi New York, kwa pauni 59 za kwenda tu. Abiria hakuweka nafasi mapema. Alifika, akapanga foleni, akanunua tiketi ya siku ile ile, na chakula cha ndani ya ndege akakilipia mwenyewe. Mashirika makubwa yalijibu kwa kushusha bei zao, na Februari 1982 kampuni ya Laker ikafilisika. Waliomfuata hawakupata bahati iliyo bora zaidi. Primera Air ilianguka Oktoba 2018, WOW air ya Iceland ikafunga milango Machi 2019 na kuwaacha abiria wake njiani, Norwegian ikaziacha safari zake za masafa marefu Januari 2021, na Play, nayo ya Iceland, ikasimamisha safari zote Septemba 2025.

Kuanguka huko hakutokani na uzembe peke yake. Ndege ndogo inayofanya safari za saa moja au mbili huweza kwenda na kurudi mara kadhaa kwa siku, ikauza viti vyake tena na tena, lakini ndege ya Atlantiki hupata safari moja ya kwenda na moja ya kurudi katika muda wa siku nzima, mafuta yakichukua sehemu kubwa zaidi ya gharama. Siku za kiangazi viti hujaa. Majira ya baridi yakiingia viti huwa vitupu, na malipo ya kukodi ndege hayalali. Norse Atlantic, iliyoanza kuruka mwaka 2022 kwa ndege aina ya Boeing 787 ambazo nyingi zilikuwa za Norwegian, inapambana na hesabu hiyo hiyo. Shabiki ananufaika na mapambano haya kwa sababu mashirika makubwa nayo yamelazimika kuuza tiketi kavu, yaani kiti bila ya begi, bila ya kuchagua pa kukaa na bila ya ruhusa ya kubadilisha tarehe. Lakini shabiki ndiye pia anayenunua miezi mingi kabla ya safari, na baina ya siku ya kulipa na siku ya mchezo kampuni huweza kutoweka.

Upande wetu mambo ni mengine. Ndege kubwa zinazotua Kisauni zinakuja kwa ajili ya mtalii, na bei zake hupangwa kwa kumtazama mtu wa Frankfurt, Milan au Zurich anayetaka wiki moja ya Nungwi au Paje. Masika, hoteli nyingi zinapofunga kwa matengenezo, viti hupatikana kwa bei ya kuvumilika. Kuanzia Juni msimu hupanda. Kombe la Dunia la 2026, lililopangwa kuanzia 11 Juni hadi 19 Julai nchini Marekani, Kanada na Mexico, linaangukia hapo hapo, tena linafuatana na marejeo ya mahujaji, kwa kuwa Idi Kubwa ya mwaka huo ni mwishoni mwa Mei na ndege za Ghuba hubeba watu wetu wengi wanaorudi kutoka Hija. Anayeondoka Unguja mwanzoni mwa Juni anakwenda kinyume na mkondo wa watalii, na huenda akapata kiti kwa urahisi. Shida yake ni kurudi Julai, kwani wakati huo anagombania viti na familia za Kizungu zilizoanza likizo ya skuli. Wengi huitazama bei ya kwenda tu, wakasahau kwamba tarehe ya kurudi ndiyo inayoipandisha tiketi nzima.

Hapo ndipo shabiki anapotofautiana na mtalii. Mtalii akiona bei ya Jumamosi imepanda husogeza safari yake hadi Jumanne, na bahari ya Jambiani itamngoja. Mchezo haungoji. Tena tarehe na pahala pake hupangwa na watu wengine, na huweza kubadilishwa na watu hao hao. Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi: mchezo wa marudiano wa fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika baina ya Simba na RS Berkane, tarehe 25 Mei 2025, ulihamishwa kutoka Uwanja wa Benjamin Mkapa hadi Amaan kwa sababu ya hali ya nyasi, na mashabiki wa Dar es Salaam waliodhani watakwenda uwanjani kwa daladala wakajikuta wanatafuta boti. Mchezo ulimalizika 1-1, Berkane wakachukua kombe kwa jumla ya 3-1, lakini somo la usafiri lilibaki: ukishaijua tarehe wewe, kila mtu naye anaijua.

Mashirika ya ndege yanalijua hilo kuliko sisi. Viti vya daraja la kawaida katika ndege moja haviuzwi kwa bei moja; vimegawanywa katika mafungu, vya bei ya chini vichache, na kila fungu likiisha bei hupanda hadi fungu linalofuata. Droo ya Kombe la Dunia ilipofanyika Washington tarehe 5 Desemba 2025, na ratiba ya viwanja ikatangazwa siku iliyofuata, mashabiki wa nchi mbalimbali walijua kwa wakati mmoja timu zao zitacheza wapi, na mafungu ya chini ya siku za mwanzo yakawa ya kugombaniwa. Aliyekuwa na moyo wa kununua kabla ya droo, akijua tu kwamba anataka kuwa upande wa mashariki ya Marekani au Kanada katika wiki fulani, alikuwa na nafasi nzuri zaidi. Hiyo ni kamari, nakubali. Ni kamari ndogo, hata hivyo, ikiwa unakwenda kutazama mpira na hukujifunga na timu moja, na ukweli ni kwamba Mzanzibari wa kawaida hana timu yake ya taifa katika mashindano hayo. Anakwenda kumwona mchezaji anayempenda au kuionja hali ya mashindano yenyewe.

Lakini ipo hofu iliyozidi kiasi, na hofu hiyo inawatajirisha wauzaji. Watu huamini kwamba mashindano makubwa hupandisha kila nauli ya kila siku. Michezo ya Olimpiki ya Paris ya 2024 ilionyesha kinyume chake. Wasafiri wa kawaida waliukimbia mji kwa kuogopa msongamano na bei za hoteli, na waliobaki hawakutosha kujaza pengo lao: shirika la ndege la Delta la Marekani lilisema Michezo hiyo ingelipunguzia mapato kwa kiasi cha dola milioni 100, na Air France-KLM ikakadiria hasara ya mapato ya euro milioni 160 hadi 180 katika miezi ya Juni hadi Agosti. Kinachopanda kweli ni safari chache za siku chache kuelekea mji mahsusi. Pembeni yake viti hubaki.

Kwa hiyo mji wa kushukia una uzito mkubwa kuliko shirika la ndege. Kombe la 2026 lina miji 16, na fainali yake ni katika uwanja wa MetLife, New Jersey. Shabiki anayetaka kufika huko si lazima ashuke New York. Washington, Philadelphia, New York na Boston zimo katika reli moja, na treni hupita mara nyingi kwa siku. Addis Ababa ina ndege ya kwenda Washington kwa miaka mingi, na Doha na Istanbul zinahudumia viwanja vingi vya ndege vya pwani ile. Kuingia mji mmoja na kutokea mwengine kwa tiketi moja ni jambo ambalo mawakala wetu huliuza mara chache kwa sababu wateja hawaliulizii, na mara nyingi bei yake haipishani sana na ile ya kwenda na kurudi mji mmoja.

Yote haya, hata hivyo, yana maana tu kwa mwenye ruhusa ya kuingia. Desemba 2025 serikali ya Marekani iliiongeza Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake wamewekewa vikwazo vya viza kuanzia 1 Januari 2026, viza za matembezi zikiwemo. Senegal na Côte d'Ivoire, ambazo timu zao zimefuzu, zimo katika orodha hiyo hiyo. Wachezaji na maofisa wa timu wamepewa msamaha, mashabiki hawakupewa. Hata kabla ya hapo, mwezi wa Oktoba, Tanzania ilikuwa imeingizwa katika utaratibu wa dhamana ambapo mwombaji wa viza ya matembezi aliweza kutakiwa aweke hadi dola 15,000. Kwa asiyekuwa na viza iliyotolewa kabla ya vikwazo hivyo, michezo 78 kati ya 104 imefungwa, hata nauli ikiwa bure.

Imebaki michezo 13 ya Kanada, Toronto na Vancouver, na 13 ya Mexico. Hapa ndipo mtego wa tiketi rahisi unapokuwa mkali zaidi. Nauli nyingi za chini kutoka Ulaya hadi Mexico hupitia Miami, Houston au Dallas, na Marekani haina utaratibu wa abiria kupita kiwanjani bila ya kuingia nchini. Anayebadilisha ndege tu naye hutakiwa viza. Mashine ya kutafutia nauli haiulizi pasi yako ni ya nchi gani. Itakuonyesha bei nzuri, itapokea fedha yako, na jambo hilo utalisikia kaunta. Mexico kwa upande wake humruhusu mgeni mwenye viza halali ya Kanada, Uingereza au nchi za Schengen aingie bila ya viza ya Mexico, jambo linaloifanya viza ya Kanada iwe na thamani maradufu kwa shabiki wetu: kwa karatasi moja anafungua milango ya nchi mbili, mradi ndege yake isiguse Marekani.

Nilimsikiliza wakala mmoja wa tiketi, mtu mzima, katika ofisi yake ya Mlandege, akimjibu kijana aliyemwekea simu mezani. "Ami, tazama hii. Gatwick hadi New York, na wewe unaniambia bei karibu mara tatu." Wakala alivaa miwani, akasogeza kidole polepole. Ndege ya kutoka Doha ilikuwa inatua Heathrow saa kumi na mbili asubuhi. Ile ya rahisi ilikuwa inaondoka Gatwick mchana. "Mwanangu, hivi ni viwanja viwili mbalimbali. Utatoka nje ya kiwanja, kwa hiyo viza ya Uingereza iko wapi? Na begi liko wapi? Hapa pana mkoba wa mkononi tu." Akamrudishia simu. "Bei hii ni ya mtu wa Croydon, wa hapo hapo London."

Hesabu aliyoifanya mzee yule kichwani inafaa kuandikwa. Tuchukue mfano tu, usiokuwa bei ya sokoni: kipande cha Zanzibar hadi London dola 750, kipande cha London hadi ng'ambo dola 400, jumla 1,150, dhidi ya tiketi moja ya dola 1,400. Ni dola 250 za akiba. Toa ada ya viza ya Uingereza. Toa begi la kwenda na la kurudi katika kipande cha pili. Toa basi la baina ya viwanja. Toa usiku mmoja wa hoteli kwa sababu hakuna mwenye akili anayeacha saa tatu tu baina ya tiketi mbili zisizojuana. Akiba imekwisha, na bado hatujazungumzia kuchelewa. Kwa tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa shirika lina wajibu wa kukufikisha mwisho wa safari, na kwa safari zinazoanzia Umoja wa Ulaya sheria namba 261 ya mwaka 2004 inaweza kukupa fidia ya hadi euro 600 ukifika umechelewa mno. Kwa tiketi mbili, kipande cha pili kinahesabu kwamba hukutokea. Mchezo nao haurudiwi.

Tiketi moja si lazima ianzie Kisauni. Nairobi ina ndege ya moja kwa moja hadi New York tangu 28 Oktoba 2018, haina haja ya viza ya kupita nchi ya tatu, na Mzanzibari huingia Kenya bila ya taabu. Kwa mwenye viza ya Marekani ya zamani, hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kuulizia. Kwa wa Toronto, Addis Ababa. Dar es Salaam ina mashirika mengi zaidi kuliko Unguja na bei zake pengine huwa chini, na boti ni mwendo wa kama saa mbili tu. Ila Juni ni mwezi wa kusi, na anayeipangia boti ya asubuhi ndege ya mchana anakitegemea kipande kisichokuwemo katika tiketi yake. Mpemba anayetoka Mkoani ana bahari mbili za kuvuka kabla ya hiyo ya tatu. Kwake mimi ningeongeza usiku mmoja wa Dar bila ya kusitasita.

Jamaa zetu walioko Uingereza wenye pasi za huko wana hali nyengine kabisa, na ndio maana ushauri wao, ingawa wa nia njema, haututoshi. Wao viza hawaihitaji, hujaza fomu ya intaneti na kulipa dola zipatazo 40. Wakitaka, huanzia Dublin, kwa kuwa Ireland iliiondoa kodi yake ya usafiri wa anga mwaka 2014, ilhali Uingereza ilitoza pauni 90 kwa kila abiria wa daraja la kawaida wa masafa kama ya New York katika mwaka wa fedha wa 2025/26. Bado Dublin ina maofisa wa uhamiaji wa Marekani ndani ya kiwanja, hivyo wakifika ng'ambo hutoka kama waliosafiri ndani ya nchi. Soko la Atlantiki limetengenezwa kwa ajili ya watu wa aina hiyo. Bei ni moja kwenye kioo cha simu, lakini wao wananunua safari, sisi tunanunua sehemu yake.

Kombe la 2030 litaligeuza swali hili. Michezo mitatu ya ufunguzi itachezwa Uruguay, Argentina na Paraguay, kwa kuadhimisha miaka mia tangu Kombe la kwanza la 1930, kisha mashindano yatahamia Morocco, Hispania na Ureno. Atlantiki ya kusini haijapata kuwa na Laker wake. Kutoka upande wetu wa Afrika njia ni chache, Addis Ababa hadi São Paulo na kuendelea Buenos Aires, Luanda na Afrika Kusini hadi São Paulo, na pasipokuwa na ushindani hapana sababu ya kutarajia bei za Gatwick. Kwa mfuko wa Mzanzibari wa kawaida, mimi ningeuacha mchezo wa Montevideo, Uruguay, uangaliwe maskani, na nauli yote ningeielekeza Casablanca, bara lile lile tulilopo, ambako pembezoni mwa mji, huko Benslimane, panajengwa uwanja wa watu 115,000.